“Simfugi, Yupo Tu”: Faraja ya Mnyama wa Nyumbani Inatoka Wapi?

Shangazi yangu anayekaa Ngamiani, hapa Tanga, alipofiwa na mumewe nyumba ilijaa watu. Mikeka ilitandikwa kuanzia ukumbini hadi barazani, masufuria ya wali yakawa uani mchana kutwa, na usiku wanawake walilala wamebanana, hakuna pa kutia mguu. Baada ya hitima watu wakaanza kupungua. Wa Muheza wakarudi Muheza, wa Pangani wakapanda magari yao, wanawe watatu wakarejea kwenye kazi zao Dar es Salaam. Ilipofika wiki ya tatu alibaki yeye na eda yake. Miezi minne na siku kumi si muda mrefu kwa anayeihesabu kwenye kalenda. Kwa mwanamke aliyezoea kumpelekea mtu chai barazani kila asubuhi kwa miaka 38, ni muda mrefu mno.

Alibaki yeye, eda, na paka.

Paka mwenyewe ni dume, mweupe, ana doa jeusi juu ya jicho la kushoto, ndiyo maana watoto wa mtaani humwita Kidoti. Hakununuliwa wala hakuletwa na mtu. Aliingia masika moja akiwa amelowa chapachapa, akajibanza chini ya kitanda cha kamba kilichokuwa uani, asiondoke tena. Kila alfajiri, kabla muadhini hajaanza, huja kuukwaruza mlango wa chumba. Nililala pale wiki nzima wakati wa eda, nikaisikia hiyo kwaru-kwaru kwa masikio yangu. Shangazi huamka, huwasha taa, huchukua sahani ya bati iliyobonyea ukingoni, hukivunja kichwa cha kibua kilichobaki jana, huichambua miiba kwa vidole mmoja baada ya mwingine, huchanganya na ugali kidogo, huweka chini. Akishamwona anakula ndipo huenda kutawadha. Akiwa kwenye msala, Kidoti huja kukaa pembeni, mkia ameuzungushia miguu, anamngoja atoe salamu.

Asubuhi moja nilimwambia, “Shangazi, kumbe paka wako ndiye saa yako.”

“Paka wangu?” akasema. “Mimi simfugi, mwanangu. Yupo tu.”

Jibu hilo limenikaa kichwani miaka yote hii, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kinachofanya suala la mnyama na faraja ya binadamu liwe gumu kueleza. Nimesoma makala nyingi zinazosema mnyama wa nyumbani huondoa upweke, hushusha presha, hurefusha maisha. Nimesikia pia watu wazima kwenye vijiwe vya kahawa wakisema kuzungumza na paka ni dalili ya akili kuyumba. Naona pande zote mbili zinakimbilia jibu kabla ya kumtazama mtu aliyeinama sakafuni anachambua miiba.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu, kufuga ni kazi yenye hesabu. Unafuga kuku upate mayai, unafuga ng’ombe upate maziwa, na mkoa huu wa Tanga unajulikana nchi nzima kwa maziwa yake. Mfugo ukikosa faida unauzwa au unachinjwa. Paka wa nyumba za pwani hayumo kwenye hesabu hiyo. Anakamata panya, ni kweli, lakini hata akiacha kuwakamata hakuna anayemwuza. Wazee wana methali, “Paka wa nyumba haingwa.” Kuinga ni kufukuza, kama wanavyofukuzwa ndege shambani. Mwenye mahali pake hafukuzwi. Ama maneno “mnyama kipenzi”, hayo tunayasoma magazetini. Sokoni Mgandini sijawahi kumsikia mtu akiyatamka. Kwa hiyo mtafiti akija na karatasi yake akamwuliza shangazi kama anafuga mnyama yeyote, ataambiwa hapana, na ataandika hapana. Tafiti nyingi kuhusu jambo hili zimefanywa Ulaya, Marekani, Japani na Australia, ambako mnyama hununuliwa, huandikishwa, na chakula chake hutoka dukani. Uhusiano wa “yupo tu” haumo sana kwenye vitabu vyao.

Na hapa kuna jambo lililonifurahisha nilipolijua. Shangazi, bila kukusudia, alikuwa anaieleza historia ya paka sawasawa. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati. Binadamu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na paka wakawafuata panya. Hakuna aliyekwenda msituni kuwakamata. Walikuja wenyewe, wakaona pana chakula, wakabaki. Katika kisiwa cha Cyprus lilifukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi, mtu amezikwa na paka kando yake. Mbwa ni wa zamani zaidi. Huko Ujerumani, mahali paitwapo Bonn-Oberkassel, mwaka 1914 yalipatikana mabaki ya mtoto wa mbwa aliyezikwa pamoja na watu miaka 14,000 na zaidi iliyopita. Meno yake yanaonyesha kwamba aliugua vibaya, zaidi ya mara moja, na bila mtu wa kumtunza asingefika umri wa miezi saba aliofia. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Kuna mtu, zama za mawe, aliyekaa na kumwuguza mnyama asiye na faida yoyote kwake.

Kumbukumbu hiyo naomba tuishike, maana nitairudia.

Sasa tuje kwenye madai ya afya. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Erika Friedmann, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 92 wa moyo kwa mwaka mmoja baada ya kutoka hospitali. Waliokuwa na mnyama nyumbani walikuwa 53, wakafa 3. Wasiokuwa naye walikuwa 39, wakafa 11. Tofauti hiyo ni kubwa, na habari zilienea dunia nzima kwamba mnyama anaokoa maisha.

Lakini subiri kidogo. Tanga ni mji wa baiskeli. Simama alfajiri kwenye barabara yoyote ya Ngamiani uwahesabu wanaopita kwa baiskeli, kisha uwalinganishe na wale waliolala ndani. Utakuta wa baiskeli wana nguvu zaidi. Je, baiskeli ndiyo iliyowapa nguvu, au mwenye nguvu ndiye anayeweza kuipanda? Bila shaka kuna vyote viwili, lakini kwa kuhesabu tu huwezi kujua kipi kina uzito gani. Ndivyo ilivyo kwa mnyama. Mtu aliyedhoofika kabisa hawezi kumtembeza mbwa. Mtu asiye na kipato atakula yeye kwanza. Kwa hiyo ukiwakuta wenye wanyama wana afya, huenda afya ndiyo iliyotangulia. Friedmann na wenzake waliliona tatizo hilo na kujitahidi kulichuja, lakini wagonjwa 92 ni wachache kwa kazi ya namna hiyo.

Tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya watu zaidi ya milioni 3.4 wenye umri wa miaka 40 hadi 80, waliofuatiliwa kwa miaka 12 hivi. Walikuta wenye mbwa wana hatari ndogo zaidi ya kufa, na tofauti ilionekana hasa kwa wanaoishi peke yao: asilimia 33 chini ya wapweke wenzao wasio na mbwa. Hata hivyo, miaka saba kabla yake, huko Sydney nchini Australia, wagonjwa 424 wa moyo walifuatiliwa na jibu likageuka. Wenye wanyama, hasa wenye paka, ndio walioelekea zaidi kurudishwa hospitali au kufa ndani ya mwaka. Mwanasaikolojia wa Marekani Hal Herzog, ambaye ametumia maisha yake kuchunguza uhusiano wa watu na wanyama, aliandika mwaka 2011 kwamba hilo dai la mnyama kuleta afya bado ni dhana inayohitaji kuthibitishwa. Naye ni mtu anayewapenda wanyama.

Utafiti ulionifungulia fundo hili ni mmoja mdogo wa mwaka 2001, kwa sababu haukuhesabu tu waliokwisha kuwa na wanyama. Karen Allen na wenzake waliwachukua madalali 48 wa hisa kule New York, wote wana presha ya juu, wote wanaishi peke yao. Wote walianzishiwa dawa ileile ya presha, na nusu yao, waliopatikana kwa bahati nasibu, wakapewa sharti la kuchukua mbwa au paka. Baada ya miezi sita walipimwa tena. Wakiwa wamekaa kimya, presha ilikuwa imeshuka kwa makundi yote mawili sawasawa, na hiyo ni kazi ya dawa. Lakini walipobanwa kwa hesabu ngumu na kutakiwa kutoa hotuba, presha ya wenye wanyama haikupanda sana kama ya wenzao.

Ukiisoma vizuri hesabu hiyo, inakwambia mambo mawili kwa wakati mmoja. Dawa inafanya kazi ya dawa, na paka hawezi kuichukua nafasi yake. Mwenye presha asithubutu kuacha vidonge vyake kwa sababu amepata mbwa. Na mnyama anafanya kazi nyingine kabisa, anamsaidia mtu pale dhiki inapopanda. Lugha yetu ina neno kwa kazi hiyo. Faraja, neno lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni kufunguka kwa kitu kilichobana. Tiba ni jambo jingine. Mabishano mengi yangeisha mapema kama watu wangeyatenganisha maneno haya mawili tangu mwanzo.

Basi huko kufunguka kunatokea vipi?

Nina rafiki ambaye ni mlinzi wa nyumba moja huko Raskazone, karibu na bahari. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ana mbwa koko jike anayeitwa Popi, aliyemwokota kwenye mfereji akiwa kitoto. Nilimwuliza Popi anamsaidia nini, nikitarajia ataniambia habari za wezi. “Kabla yake nilikuwa nashtuka kila kitu,” akasema. “Nazi ikianguka, nimesimama. Upepo ukisukuma bati, nimesimama. Asubuhi nimechoka utadhani nimelima. Sasa namwangalia Popi tu. Akiinua sikio, naamka. Akilala, na moyo wangu unalala.”

Sijasoma maelezo bora kuliko hayo. Wako wataalamu wanaosema hivyohivyo kwa maneno marefu: binadamu ameishi na wanyama muda mrefu kiasi kwamba mnyama aliyetulia karibu nasi ni ishara kwa mwili kwamba hakuna hatari, na mwili huacha kujikaza. Ndiyo maana paka anayekoroma pajani hukulegeza mabega kabla hujafikiri lolote. Kwa mlinzi wa usiku, kwa mjane, kwa mtoto anayeogopa giza, kuwa na masikio mengine ndani ya nyumba ni mzigo uliogawanywa.

Jambo la pili ni ukimya. Wakati wa eda shangazi alikuwa akimsimulia Kidoti habari zote: sukari imepanda, fundi hajaja kuziba bati, leo nimeiota sauti ya marehemu. Sisi watu tukija tulikuwa na maneno yetu tayari. “Subiri, Mungu yupo.” “Usilie sana.” “Jikaze.” Nilisema hivyo mimi mwenyewe, na nilikuwa namaanisha wema, lakini kila neno la namna hiyo lilimnyamazisha. Paka hana ushauri. Anatazama, anajilamba, anabaki. Mwaka 1962 mwanasaikolojia wa New York, Boris Levinson, aliandika kuhusu jambo aliloligundua kwa bahati. Mbwa wake, Jingles, alikuwa chumbani siku alipoletwa mtoto mmoja aliyejifunga kabisa, asiyetaka watu. Mtoto akaanza kucheza na mbwa, akataka arudi tena, na daktari akapitia mlango huo kumfikia. Wenzake wengi walimcheka wakati ule. Leo katika nchi nyingi kuna mbwa wanaopelekwa hospitalini na mashuleni kwa kazi hiyo.

Mwilini kuna kemikali pia. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Ni homoni ileile inayohusika na mama na mtoto anayenyonya. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hivyo. Kwa paka mambo ni ya chini kwa chini zaidi: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 uliona kwamba mtu akimtazama paka na kufumba macho polepole, paka naye hufumba, na huelekea zaidi kumsogelea mtu huyo. Nilipomsimulia shangazi, alishangaa kwamba watu wamelipwa kuchunguza kitu ambacho yeye na Kidoti wanakifanya kila jioni.

Lakini ukiniuliza mimi kipi kina uzito kuliko vyote, nitakurudisha kwenye ile sahani ya bati. Msiba unachokichukua kwanza ni kazi ndogondogo. Hakuna tena wa kumchemshia chai, wa kumpigia pasi kanzu ya Ijumaa, wa kumwuliza umekula nini. Watu waliompenda walimwambia shangazi apumzike, wakamwondolea hata zile kazi zilizobaki, na kwa kufanya hivyo walimwachia saa tupu kutoka asubuhi mpaka usiku. Paka hakumwonea huruma. Alikuwa na njaa saa kumi na moja alfajiri, ikawa lazima mtu aamke. Nimewaza mara nyingi kuhusu yule aliyemwuguza mtoto wa mbwa miaka 14,000 iliyopita, na nadhani naye aliipata faraja yake humohumo, katika kutunza. Tunasema mnyama anatupa faraja kana kwamba anaitoa mfukoni. Kwa ninavyoona, sehemu kubwa tunaipata kwa sababu yeye anatuhitaji, na anayehitajiwa hajawa wa kutupwa.

Hapo ndipo mtu atanijia na methali nyingine: “Mkono mtupu haurambwi.” Yaani paka anapenda kibua, hampendi shangazi. Hoja ni ya haki. Mwaka 2017 Kristyn Vitale wa Marekani na wenzake waliwapa paka 38 nafasi ya kuchagua kati ya chakula, mtu wa kucheza nao, kitu cha kuchezea na harufu. Paka 19 walimchagua mtu zaidi, 14 walichagua chakula. Si wote, basi, wala si wachache. Nami nimemwona Kidoti akishashiba anarudi kukaa palepale kando ya msala wa kusalia, ambapo hapajawahi kuwekwa samaki.

Kwa upande wa mbwa, hapa pwani kuna fundo la peke yake. Waislamu wengi wa kwetu ni wa madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Paka hana hukumu hiyo. Imepokelewa kwamba sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji anywe, akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Ndiyo sababu paka huingia mpaka msikitini na mbwa hubaki nje ya ua. Lakini watu huvuta hukumu ya tohara wakaifanya ruhusa ya ukatili, na hilo si sawa hata kidogo. Mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa shamba ameruhusiwa. Mapokezi yanamtaja mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, na yanamtaja mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Rafiki yangu wa Raskazone ni Mwislamu, ana nguo za kazi na nguo za sala, na Popi analala nje ya mlango wa kibanda chake. Wote wawili wamelizoea jambo hilo bila taabu.

Huyo mwanamke wa paka namkumbuka kila ninapoona kasuku kwenye kizimba kidogo kisichomwezesha hata kukunjua mabawa, ati ni pambo la duka. Faraja ya namna hiyo mimi siikubali. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na inakataza kumtesa mnyama, iwe ni mali yako au si mali yako.

Kuna la hatari, na sitalipita kwa upole. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio, karibu wote Afrika na Asia, na makadirio ya Tanzania yamekuwa yakitajwa kufika 1,500. Karibu wote wameng’atwa na mbwa, ingawa paka pia hukiambukiza. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mtu aking’atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima. Kuwaua mbwa wa mitaani hakujasaidia popote. Kinachosaidia ni kuchanja. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Ng’ambo ya mkondo wa bahari mbele yetu, Pemba, kampeni za chanjo zimeonyesha kwamba inawezekana kabisa kuufuta, na pia kwamba ukilegea unarudi. Kwa paka, mama mjamzito asishike kinyesi chake. Mwingine asafishe, na kila siku, maana vimelea vilivyomo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza.

Halafu mnyama hufa. Miaka yake ni michache kuliko yetu, na anayekaa naye anajitia katika msiba mapema. Hapa kwetu msiba huo hauna tanga wala mkeka. Mtoto akimlilia paka wake ataambiwa, “Paka tu huyo, nyamaza.” Nataka wazazi walifikirie hili. Katika Hadithi zilizopokelewa na Bukhari na Muslim kuna mtoto mdogo aitwaye Abu Umayr, aliyekuwa na kidege anachokichezea. Kidege kikafa. Mtume alipofika nyumbani kwao akamkuta mtoto ana huzuni, akamwuliza, “Ewe Abu Umayr, kidege kimefanya nini?” Hakumwambia ni ndege tu. Alikaa akamwuliza habari za ndege wake.

Ninaona upweke unaongezeka hata katika mji huu ambao tulizoea kudhani hauwezi kuujua. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa nao. Vijana wa Tanga wanakwenda Dar, nyumba za Ngamiani zinabaki na mzee mmoja na vyumba vitano. Paka hatazijaza nyumba hizo, na mtoto asijidanganye kwamba mama ana paka basi hahitaji kupigiwa simu. Wenye mbwa kule Sweden walibaki binadamu wanaohitaji binadamu. Lakini kati ya simu moja na nyingine kuna masaa, na ndani ya masaa hayo ni vema kuwe na kiumbe kinachopumua.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa shangazi. Eda iliisha miaka sita iliyopita. Kidoti amezeeka, meno yamebaki machache, na siku hizi anasagiwa dagaa kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu, ambacho huoshwa kwa majivu kabla hakijarudi jikoni. Nilimwambia kwamba bwana mifugo anachanja mbwa na paka Jumatano, na kwamba nitakuja na bajaji tumpeleke.

“Nimeshakwambia simfugi,” akasema, mchi haujasimama.

Alisaga kimya, akapuliza unga wa dagaa ukingoni mwa kinu, akanitazama.

“Hiyo bajaji, mwanangu. Watakubali apande na kikapu?”